Kiharusi na Uchakavu wa Polepole wa Mishipa ya Ubongo: Dalili za Dakika na Dalili za Miaka

Nyumba nyingi za Igogo, jijini Mwanza, zimejengwa juu ya mawe. Kutoka barabara kuu iendayo Mkuyuni na Nyegezi hadi nyumba za juu kabisa, mkazi hupita vijia vyembamba, ngazi zilizochongwa na nyingine zilizojengwa kwa saruji, akiwa na ndoo ya maji kichwani au mfuko wa unga begani. Katika kata kama hiyo kupanda mlima ni kipimo cha afya ambacho kila familia hukitumia bila kukipa jina.

Chukulia mfano wa mzee wa miaka 62 aliyefanya kazi ya kubeba mizigo kwa muda mrefu. Mfano huu si wa mtu mmoja. Umekusanywa kutokana na mambo yanayojirudia kwa wagonjwa wengi. Miaka 3 iliyopita mzee huyu alianza kupumzika katikati ya mlima. Hakuwa na maumivu ya kifua wala ya magoti. Miguu ilikuwa mizito tu. Mwaka uliofuata hatua zake zikawa fupi, kana kwamba nyayo zimenata ardhini. Majina ya wajukuu aliyakumbuka yote, lakini alishindwa kupanga hesabu ya kodi ya chumba alichokipangisha. Usiku aliamka mara nyingi kwenda haja ndogo, na mara nyingine hakuwahi kufika. Akawa mkimya, akaacha kwenda kijiweni. Nyumbani wakasema, "Baba amezeeka." Kisha asubuhi moja mdomo ukaenda upande, mkono wa kulia ukalegea, na maneno hayakutoka. Majirani wakasema kiharusi kimemjia ghafla.

Kilichotokea ghafla ni tukio la asubuhi ile. Ugonjwa wenyewe ulikuwa na umri wa miaka mingi. Makala haya yanaeleza uhusiano kati ya mambo hayo mawili: kiharusi, kinachopimwa kwa dakika, na uchakavu wa mishipa ya damu ya ubongo, unaopimwa kwa miaka. Anayeelewa uhusiano huo ana nafasi ya kuzuia tukio kabla halijafika.

Kiungo kisicho na ghala

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa takriban asilimia 2 tu ya mwili, lakini hutumia kiasi cha asilimia 20 ya oksijeni yote ambayo mwili unaitumia ukiwa umepumzika. Msuli una akiba ya nishati. Ini lina akiba ya sukari. Ubongo karibu hauna ghala lolote. Hutegemea damu inayoufikia sekunde hii kwa kazi ya sekunde hii.

Damu hiyo hupanda kwa mishipa mikubwa 4 ya shingoni: miwili mbele na miwili nyuma. Mishipa hiyo hukutana chini ya ubongo, kisha hugawanyika. Baadhi ya matawi hutandazwa juu ya uso wa ubongo. Mengine, membamba sana, huchomoza kutoka kwenye mishipa mikubwa na kuzama moja kwa moja hadi vilindini, ambako kuna njia za neva ziendazo mikononi na miguuni, na nyaya zinazounganisha sehemu ya mbele ya ubongo na sehemu nyingine. Mishipa hii myembamba ina udhaifu wa aina mbili. Kwanza, hupokea msukumo mkali wa damu kutoka kwenye mishipa mikubwa iliyo jirani, bila matawi mengi ya kuupunguza njiani. Pili, kila mmoja hulisha eneo lake peke yake: ukiziba, hakuna jirani wa kutosha wa kulisha eneo hilo.

Kiharusi ni nini

Kiharusi ni kuharibika kwa sehemu ya ubongo kunakotokea ghafla kwa sababu ya hitilafu ya damu. Kipo cha aina mbili. Aina ya kwanza hutokana na kuziba kwa mshipa: bonge la damu limejitengeneza mahali palipochakaa, au limesafiri kutoka kwenye moyo au shingoni. Aina ya pili hutokana na kupasuka kwa mshipa, damu ikavujia ndani ya ubongo au juu yake. Aina ya kwanza ndiyo iliyo nyingi zaidi duniani, lakini katika nchi za Afrika ile ya kupasuka huchukua sehemu kubwa kuliko Ulaya, na shinikizo la juu la damu lisilotibiwa ndilo mchangiaji wake mkuu.

Kwa kumtazama mgonjwa kwa macho, hata tabibu mzoefu hawezi kuzitofautisha aina hizi kwa uhakika. Picha ya CT ya kichwa ndiyo inayoamua. Hii ndiyo sababu mgonjwa asipewe aspirini nyumbani au zahanati kabla ya picha: dawa inayomsaidia aliyeziba mshipa inaweza kumwongezea damu aliyepasuka mshipa.

Imekadiriwa kuwa mshipa mkubwa wa ubongo ukiziba, takriban seli za neva milioni 1.9 hufa kila dakika. Pia kuna kiharusi cha mpito: dalili hutokea, zikadumu dakika chache au saa, kisha zikaisha zenyewe. Familia hushukuru na kuendelea na shughuli. Hilo ni kosa la hatari, kwa kuwa siku chache zinazofuata ndizo zenye uwezekano mkubwa wa kiharusi kamili. Aliyepata dalili zikaisha anapaswa kufika hospitali siku hiyohiyo.

Ugonjwa wa mishipa midogo

Mwaka 1894 daktari mzaliwa wa Uswisi aliyefanya kazi Ujerumani, Otto Binswanger, aliandika juu ya wagonjwa waliopoteza uwezo wa akili hatua kwa hatua, ambao sehemu nyeupe ya ubongo wao, yaani eneo la nyaya za neva, ilikuwa imesinyaa. Mwaka 1901 Pierre Marie wa Ufaransa alieleza vishimo vidogo alivyovikuta katika vilindi vya ubongo wa wazee waliotembea kwa hatua fupi. Katika miaka ya 1960 C. Miller Fisher, daktari aliyezaliwa Kanada na kufanya kazi Boston, alifuatilia vishimo hivyo hadi kwenye mishipa midogo iliyovilisha, na kuonyesha namna kuta zake zilivyoharibika kwa watu waliokuwa na shinikizo la juu la damu.

Kinachotokea ni hiki. Ukuta wa mshipa unaopigwa na msukumo mkubwa mchana na usiku huongezeka unene ili ujikinge. Unene huo hula nafasi ya ndani, na damu inayopita hupungua. Ukuta pia hukakamaa: hauwezi tena kutanuka pale ubongo unapohitaji damu zaidi. Sukari nyingi katika damu, moshi wa sigara na umri huharakisha mabadiliko hayo. Baadaye mshipa huweza kuziba na kuacha kishimo cha milimita 3 hadi 15. Unaweza pia kuvuja tone la damu, au kupasuka kabisa. Mahali ambapo hauzibi wala haupasuki, nyaya za neva hulishwa nusu shibe kwa miaka, zikapoteza ganda lake na kupitisha ujumbe kwa uzembe.

Vishimo vingi huundwa bila mgonjwa kuhisi lolote, kwa kuwa vimeangukia mahali pasipogusa mkono wala usemi. Lakini hujumlishwa. Kumi vikikutana na nyaya zilizochakaa, mtu hubadilika.

Namna unavyojionyesha

Mabadiliko haya hayaanzi kwa kusahau majina. Katika ugonjwa wa Alzheimer, kumbukumbu ya mambo mapya ndiyo hutangulia kupotea. Katika ugonjwa wa mishipa midogo, kinachotangulia ni kasi na mpangilio wa fikra. Mgonjwa hujibu sawasawa, ila baada ya kimya kirefu. Mama aliyepika kwa miaka 40 huanza kuunguza mboga kwa sababu hawezi kufuatilia vyungu viwili kwa wakati mmoja. Mfanyabiashara wa dagaa hushindwa kujua aanze na mteja yupi.

Dalili nyingine ni hizi: hatua fupi zenye kuburuza miguu na kuanguka mara kwa mara, mkojo wa haraka usioweza kuzuilika, kupoteza hamu ya mambo aliyoyapenda, kulia au kucheka kusikolingana na jambo lenyewe, kupaliwa na maji au chakula, na sauti kuwa nzito. Kwa wengine hali hushuka kama ngazi: hudumu vilevile miezi mingi, kisha hushuka kidato baada ya kiharusi kidogo. Kwa wengine ni mteremko usio na vidato, na ndio ambao familia huuita uzee.

Mhudumu wa afya asikubali neno "uzee" kabla ya kuuliza maswali na kupima. Yapo magonjwa yanayofanana na huu na yanayotibika. Sonona humfanya mtu awe mzito na mkimya. Upungufu wa vitamini B12 na upungufu wa homoni ya tezi ya thairoidi hupunguza kasi ya fikra. VVU na kaswende isiyotibiwa huweza kushambulia ubongo. Pombe nyingi vilevile. Na mzee aliyeteleza kwenye mawe wiki kadhaa zilizopita anaweza kuwa na damu iliyojikusanya polepole kati ya fuvu na ubongo, ambayo daktari wa upasuaji huweza kuitoa na mgonjwa akarudi kama alivyokuwa. Kumwacha mtu huyo nyumbani kwa jina la uzee ni kumnyima tiba iliyopo.

Kiharusi katika Tanzania

Kati ya mwaka 2003 na 2006 watafiti walihesabu viharusi vipya katika maeneo mawili ya nchi: wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro, na sehemu ya jiji la Dar es Salaam. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010, baada ya kusawazisha tofauti za umri, yalikuwa viharusi 108.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka katika Hai, na 315.9 katika Dar es Salaam. Kiwango hicho cha mjini kilizidi kile cha nchi nyingi tajiri. Kwa jiji linalokua kama Mwanza, takwimu hiyo ni onyo.

Katika Hospitali ya Bugando, iliyo juu ya kilima jirani na Igogo, utafiti wa miaka 3 uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa magonjwa yatokanayo na shinikizo la juu la damu, kiharusi kikiwamo, ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya watu wazima waliolazwa.

Namna watu wanavyoueleza ugonjwa huu huamua waanzie wapi kutafuta tiba. Mwaka 2008 Gerry Mshana na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha Hai na Dar es Salaam. Katika Dar es Salaam wengi walikihusisha kiharusi na mapepo au uchawi. Katika Hai wengi walitaja shinikizo la damu, vyakula vya mafuta na mawazo mengi. Kinyume cha walivyotarajia wengi, watu wa mjini ndio waliotaja zaidi nguvu zisizoonekana. Mhudumu asiwadharau wanaofikiri hivyo. Ugonjwa unaoangusha upande mmoja wa mwili kwa sekunde chache huzua swali la "nani amefanya?" Kauli yenye manufaa ni hii: "Mama, sala na mashauri ya ukoo yana nafasi yake, lakini ubongo hausubiri. Tumpeleke hospitali kwanza." Familia iliyoheshimiwa husikiliza.

Kiharusi cha mtoto

Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo ya Tanzania yenye watoto wengi wanaozaliwa na selimundu. Kwao mishipa ya ubongo haisubiri uzee. Seli zenye umbo la mundu hukwaruza kuta za mishipa mikubwa, zikanenepa na kuziba taratibu, na mtoto wa miaka 5 au 6 anaweza kupooza. Kabla ya hapo wengine hupata viharusi vya kimya, ambavyo huonekana tu kwa kushuka kwa uwezo wake darasani.

Uchakavu huu hugundulika mapema kwa kipimo cha mawimbi ya sauti kinachowekwa pembeni mwa kichwa kupima kasi ya damu. Mshipa ukibana, damu hupita kwa kasi zaidi, kama maji ya mpira uliobanwa kwa kidole mdomoni. Kasi ya sentimita 200 kwa sekunde au zaidi huonyesha hatari kubwa. Mwaka 1998 utafiti wa Marekani ulionyesha kuwa kuwaongezea damu mara kwa mara watoto wa aina hiyo kulipunguza viharusi kwa asilimia 92. Mahali ambapo damu salama ya kuongeza kila mwezi haipatikani kwa urahisi, dawa ya haidroksiyurea ndiyo tegemeo. Bugando yenyewe ilikuwa kituo cha jaribio la SPHERE, ambalo liliwapima watoto wenye selimundu kwa mawimbi hayo na kuwapa haidroksiyurea waliokuwa na kasi iliyozidi. Kasi hiyo ilishuka kwa matibabu. Mzazi wa mtoto mwenye selimundu ana haki ya kuuliza kliniki: "Daktari, mwanangu amepimwa mishipa ya kichwa?"

Saa ya kwanza

Mambo manne yatoshe kukumbukwa na kila mtu nyumbani. Uso: mwambie atabasamu, je, upande mmoja umelegea? Mkono: ainue yote miwili, je, mmoja unashuka? Usemi: arudie sentensi fupi, je, maneno yamechanganyika? Wakati: ikiwa moja tu kati ya hayo lipo, ondokeni sasa. Kupoteza uwezo wa kuona, kukosa mwafaka wa mwili ghafla, au maumivu makali ya kichwa yasiyo ya kawaida navyo ni dalili.

Angalia saa, na ukumbuke mgonjwa alionekana mzima mara ya mwisho saa ngapi. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu, pale inapopatikana, hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na baada ya picha ya CT tu. Kwa mkazi wa juu ya mawe, sehemu ya muda huo huliwa na kumshusha hadi barabarani. Familia yenye mtu wa presha ifikirie mapema nani atambeba, kwa njia ipi, na gari litasimama wapi.

Mlaze kwa ubavu ikiwa amezimia au anatapika. Usimpe chakula, maji, uji wala dawa ya kumeza, kwa kuwa koo linaweza kuwa limepooza na chakula kikaingia mapafuni. Kumkanda kwa mafuta au kumchanja hakufungui mshipa wa kichwani, hupoteza muda.

Mhudumu wa zahanati ahakikishe njia ya hewa, apime sukari mara moja, kwa kuwa sukari iliyoshuka huiga kiharusi na hutibika papo hapo, kisha aandike muda na kutoa rufaa bila kuchelewa. Asikimbilie kushusha presha. Katika saa za mwanzo msukumo huo ndio unaolisha sehemu ya ubongo iliyo hatarini. Kuushusha ghafla huweza kuiua sehemu ambayo ingepona. Uamuzi wa kushusha, na kwa kiasi gani, hufanywa hospitali baada ya aina ya kiharusi kujulikana.

Kazi ya miaka

Kinga ya kweli iko katika miaka inayotangulia, na jina lake ni presha. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 uliwakuta takriban robo ya Watanzania watu wazima wakiwa na shinikizo la juu la damu. Haliumi. Mtu mwenye 180 kwa 110 anaweza kupanda mlima na kuimba kwaya. Kwa hiyo kila mtu mzima apimwe angalau mara moja kwa mwaka, na ipimwe inavyopaswa: akae dakika 5, mgongo umeegemea, mkono usawa wa moyo, kibofu kitupu, na kipimo kirudiwe. Kwa wengi lengo ni chini ya 140 kwa 90. Kwa aliyekwisha kupata kiharusi madaktari wengi hulenga karibu na 130 kwa 80, mradi asipate kizunguzungu anaposimama.

Manufaa yake yamethibitishwa. Mwaka 2001 utafiti wa PROGRESS uliohusisha watu zaidi ya 6,000 waliowahi kupata kiharusi ulionyesha kuwa dawa za presha zilipunguza viharusi vya kurudia kwa asilimia 28. Mwaka 2019 utafiti wa SPRINT MIND ulionyesha kuwa kudhibiti presha kwa nguvu zaidi kulipunguza udhaifu wa awali wa akili, na kupunguza kasi ya kuongezeka kwa madoa ya sehemu nyeupe ya ubongo. Nyaya zilizokwisha kufa hazirudi, lakini mwendo wa ugonjwa unaweza kupunguzwa.

Kikwazo kikubwa ni sentensi moja inayosikika kila kliniki: "Presha imeshuka, nimeacha dawa." Jibu lake ni rahisi: "Mzee, imeshuka kwa sababu ya dawa. Ukiacha, itapanda tena." Iwapo dawa inaleta uvimbe wa miguu, kikohozi au gharama isiyobebeka, mgonjwa arudi aseme, nyingi zina mbadala. Akijificha kwa aibu, mishipa haimfichii.

Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani takriban kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote. Sato na dagaa wa Ziwa Victoria ni chakula bora. Kayabo iliyokaushwa kwa chumvi iliwe kwa nadra, na iloweshwe na maji yamwagwe kwanza. Kuacha sigara, kudhibiti kisukari, kupunguza pombe na kutembea kila siku hukamilisha orodha. Aspirini ya kila siku si kinga ya kila mtu. Imezwe kwa agizo la daktari tu.

Kwa aliyekwisha kuathirika, mazoezi ya viungo na ya usemi yaanze mapema, na nyumba irekebishwe: kamba au bomba la kushikia penye ngazi, taa ya njia ya chooni, dawa katika kisanduku chenye siku za wiki. Anayemtunza naye apumzishwe, maana mara nyingi ni mtu mmoja, binti au mkamwana, abebaye mzigo wote.

Mzee wa mfano wetu alisimama katikati ya mlima miaka 3 kabla ya asubuhi ile. Siku hiyo kipimo cha presha cha dakika chache kingeweza kugundua ugonjwa, na vidonge vya kila siku vingeweza kuupunguza mwendo. Katika Igogo, na katika kila kata yenye mlima au isiyo nao, wapo wengi ambao leo ndiyo kwanza wamesimama kupumzika. Anayewaona wakifupisha hatua asiseme wamezeeka; awapeleke wakapimwe.